Kikombe cha Pili cha Ymkje Sinnema

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Kama kahawa iko jikoni, kaileteni kwanza, maana leo nitaitaja sana na sitaki mtu ateseke bure. Ni mimi Pytsje, sauti yangu ile ile ya mlango usiotiwa mafuta.

Leo tunamkumbuka Ymkje Sinnema wa hapa kwetu Aldewier. Alikuwa mfamasia. Alikuwa mtafiti. Tulimzika wiki mbili zilizopita, upepo ukitupiga ubavuni, tukamzungusha kanisa mara tatu kama tunavyomzungusha kila mtu. Mzunguko wa tatu kaka yake Wobbe alininong'oneza, "Mama Pytsje, dada angeuliza nani amethibitisha kwamba mara mbili hazitoshi." Nikacheka nyuma ya jeneza. Mchungaji aliniona. Anisamehe, ndiyo kazi yake.

Narudia kwa waliochelewa kufungua redio, nanyi watu wa kijiji jirani cha Nijesyl huchelewa kwa kila kitu isipokuwa keki ya msibani: tunamkumbuka Ymkje Sinnema, aliyetumia maisha yake kutafuta njia ya kuwafanya wazee wasiuawe na dawa zilizoandikwa kuwaponya.

Kisa kinaanza na baba yake. Mzee Jorrit mlimjua. Mrefu, kimya, ng'ombe wake walikuwa wanaongea kuliko yeye. Jorrit alikuwa anameza dawa ya kuzuia damu isigande. Siku moja daktari akambadilishia. Ile ya zamani basi, chukua hii mpya. Duka la dawa likaleta mkanda mpya, ile mikanda yetu ya vipakiti, kila kipakiti kina vidonge vya saa yake, jina na siku vimechapwa juu. Mkanda mpya ukafika. Lakini mkanda wa zamani ulikuwa haujaisha. Ulikuwa ndani ya droo ya jikoni, pamoja na kamba, mishumaa na kifungulia chupa.

Sasa, watu wengine wangeurudisha dukani. Sisi haturudishi. Kwa nini? Kwa sababu tunajua wanachozifanyia huko. Wanazichoma. Dawa nzima, safi, haina hata alama ya kidole, inatiwa motoni! Hapa kwetu mtoto akiacha ganda la mkate tunamwangalia mpaka alimeze. Tutapeleka wapi uso tukipeleka dawa ikachomwe?

Basi Jorrit alizimeza zote mbili. Mpya na ya zamani, kila siku, kwa maji ya bomba. Alifia zizini wakati wa kukamua. Damu ilivuja ndani ya kichwa.

Mjane wake, Tryntsje, aliniambia wakati ule, nami nayakumbuka maneno yake: "Pytsje, sisi tulidhani tunafanya vizuri. Ile mpya alimmezea daktari. Ile ya zamani aliimeza isipotee."

Na hakumaliza hata kuyasema alipoinuka kwenda kuirudisha mikanda yote miwili ndani ya droo. Ymkje alikuwa amesimama mlangoni. Aliona.

Wasikilizaji wapendwa, shikeni hili, maana mengine yote yanatoka hapa. Ymkje alitaka jambo moja. Alitaka droo ya mama yake isimuue mtu wa pili. Na kwa kuwa alikuwa amesoma, alijua kwamba droo ya mama yake ni sawa na droo zote kuanzia hapa mpaka kwenye ukuta unaozuia bahari. Ukipata njia ya kuifungua moja, umezifungua zote. Lakini iwe njia iliyopimwa. Hakutaka ya kudhani. "Baba alikufa kwa kudhani," alikuwa akisema.

Alianza kama wanavyoanza wasomi, kwa karatasi. Karatasi nzuri, yenye picha ya bibi anayetabasamu. Rudisha dawa zako za zamani. Baada ya muda alipita nyumba kwa nyumba kuangalia. Karatasi ilikuwepo kila nyumba, sikatai. Ilikuwa imewekwa sufuria juu yake, isiunguze meza.

Akajaribu simu. Wasichana wenye sauti tamu wakawapigia wazee. "Bibi, dawa za zamani umeziondoa?" "Ndiyo binti yangu, nimeziondoa." Ni kweli walikuwa wameziondoa. Wameziondoa kwenye meza wakazitia ndani ya droo.

Akaona lazima mtu aende mwenyewe, akae, aone. Hapo ndipo alipogonga mwamba, maana droo ya jikoni kwetu haionyeshwi. Kanisa tutakuonyesha. Zizi tutakuonyesha. Hata kovu la kupasuliwa tumbo tutakuonyesha, na hukuuliza. Lakini droo ya jikoni? Mume wangu marehemu, Mungu amrehemu, aliishi nami miaka yote ile akiomba mkasi kama mgeni.

Ymkje alianza na mama yake, na alishindwa kabla hajavua koti.

"Mama, nifungulie droo."

"Ya nini?"

"Nione dawa."

"Mimi nimekufunga nepi, leo unanikagua? Kaa unywe kahawa, au nenda ukawakague Wakatoliki."

Akaja siku ambayo mama yake yuko kanisani, akaifungua mwenyewe. Akakuta kamba na mishumaa. Dawa zimehamia kwenye kopo la mbaazi kavu. Alipolipata kopo, zikahamia kwingine. Ilikuwa kama kumfukuza panya, alisema, isipokuwa panya hakupikii supu jioni.

Hilo nalo akalipima. Alilipima kwelikweli, katika nyumba nyingi. Akathibitisha kwamba mtoto wa kuzaa ndiye mgeni mbaya kuliko wote kwa kazi hii. Muuguzi asiyejulikana anafunguliwa. Binti anafichwa. Basi akajua kwamba kwa mama yake mwenyewe hana mikono. Lazima amtume mtu mwingine. Na mtu mwingine lazima awe na njia.

Njia aliipata vipande viwili.

Kipande cha kwanza ni kahawa. Mnajua kwetu ilivyo. Kikombe cha kwanza, biskuti moja, kopo linafunikwa. Hicho kikombe ni cha adabu, hata mkusanya kodi anapewa. Kikombe cha pili ni cha mtu wetu. Ymkje aliwaambia wauguzi nusu waulize kwenye kikombe cha kwanza, nusu wasubiri cha pili. Matokeo yalikuwa mbali kama mbingu na shimo la samadi. Kwenye cha kwanza, droo hazifunguki. Kwenye cha pili, zinafunguka. Nilimwambia, "Mwanangu, umeenda chuo kikuu kugundua hilo? Ungeniuliza mimi." Akanijibu, "Ningekuuliza, Mama Pytsje, ungeniambia na mambo mengine kumi ambayo ni uongo. Kazi ni kujua lipi ni lipi." Alikuwa ananijua.

Kipande cha pili alikipata kwa Wobbe. Wobbe alikuwa anabeba kreti la chupa tupu za bia kwenda dukani, uso unang'aa kama wa bwana harusi.

"Wewe Wobbe, mbona chupa unazirudisha?"

"Kwani mimi mjinga? Natoa tupu, nabeba zilizojaa."

"Na wakizivunjavunja huko nyuma ya duka?"

"Shauri yao. Mimi mkononi ninazo nyingine."

Ymkje alisimama pale pale barabarani. Akaona kumbe tabu yetu si kuachia kitu. Tabu yetu ni kuachia kitu na kubaki mkono mtupu. Basi akaweka kanuni: mkanda mpya hauachwi mlangoni tena. Unaletwa na mgeni, unakaa kwenye mkoba wake mpaka kikombe cha pili. Kisha: mama, nipe wa zamani, nikupe mpya. Mkanda kwa mkanda, mkono kwa mkono. Watu walitoa! Sietske Kooi, mchoyo wa chumvi, alitoa mikanda minne akauliza kama atapewa minne.

Sasa ikabaki kupima yote kwa pamoja. Kupima kwelikweli maana yake ni hivi: baadhi ya vijiji vinapata wageni, vingine vinasubiri, halafu unalinganisha waliolazwa, walioanguka, waliovuja damu. Na nani anapata, nani anasubiri, inaamua kura ya bahati nasibu. Mtu haamui. Mashine ya chuo ikapiga kura. Nijesyl ikapata. Aldewier ikasubiri.

Aldewier, wasikilizaji. Kwetu. Kwa mama yake.

Nilikuwepo Wobbe alipomjia juu, jikoni kwangu, kofia bado kichwani.

"Dada, mashine ni yako. Ipige tena."

"Nikiipiga tena haitakuwa kura, Wobbe. Itakuwa mimi."

"Basi iwe wewe! Ni mama yetu."

"Kila droo ina mama wa mtu. Nikichomoa kijiji changu, watasema nimechagua. Watatupa kazi yote, wana haki. Tukisubiri, mwaka wa pili wanaosubiri nao wanapata. Imeandikwa hivyo. Mama atapata mwaka wa pili."

"Na mwaka wa kwanza?"

Ymkje alinisukumia kikombe nimwongezee.

Mwaka huo wa kwanza Tryntsje alianguka kwenye ngazi ya nyuma. Alikuwa amemeza kidonge cha usingizi kilichofutwa na daktari zamani, pamoja na kile kilichochukua nafasi yake. Nyonga ilivunjika. Akalazwa, akaunganishwa, tangu hapo anatembea kama bata. Na kwenye hesabu za utafiti aliingia upande wa vijiji vinavyosubiri. Mmoja zaidi aliyeanguka upande wa wasio na wageni. Ymkje aliniambia bila kupandisha sauti: "Mama amenisaidia kuthibitisha, Mama Pytsje."

Lakini ilithibitika. Narudia, ilithibitika. Vijiji vilivyopata wageni, wazee wao walianguka wachache, walivuja damu wachache, walilazwa wachache. Hesabu zilikaguliwa na watu wasiomjua, wakatafuta kosa, hawakuliona. Ymkje alikuwa na njia iliyopimwa mkononi, na mwaka wa pili ulikuwa unakaribia, na Aldewier ilikuwa inafuata.

Aliitwa mbele ya wakubwa wenye kutoa fedha za huduma. Siwataji, wala sijui majina yao, wanafanana wote. Alienda na keki yetu yenye sukari ya rangi ya waridi. Alinisimulia, na mimi nawapa kama nilivyopewa.

Wakasema kazi ni nzuri sana. Wakala keki. Kisha mmoja akauliza: "Kikombe cha pili ni lazima? Kinakula muda wa wauguzi, na wauguzi hawatoshi."

"Bila kikombe cha pili haijapimwa," akasema Ymkje.

"Na cha kwanza?"

"Nacho hivyo hivyo."

"Na mgeni mwenyewe? Je, swali lile lile likiulizwa kwa simu ya mkononi?"

"Hilo lilipimwa. Lilishindwa."

"Ile ilikuwa simu ya kupigiwa," akasema yule mkubwa, kwa upole kabisa. "Hii ni programu ya kisasa. Ina rangi."

Wakaondoa kikombe cha pili. Wakaondoa cha kwanza. Wakaondoa mgeni. Wakaondoa mkanda kwa mkanda. Likabaki swali peke yake, linalia ndani ya simu kama kifaranga: Je, umeondoa dawa zako za zamani? Bonyeza NDIYO au HAPANA. Juu yake wakaandika kwamba njia hii imetokana na ushahidi wa kisayansi. Na ushahidi ulikuwa wake. Wauguzi wa Nijesyl wakarudishwa kazi nyingine. Mwaka wa pili haukuja. Aldewier haikupata zamu.

Ymkje aliandika barua. Aliandika makala. Alisimama kwenye mikutano akisema, kwa sauti ile yake ya chini, kwamba wamechukua gari wakaacha injini na magurudumu, wakabaki na honi. Watu walicheka, wakapiga makofi, wakaenda kula. Hakuna aliyebishana naye. Laiti wangebishana! Mtu anayebishana unaweza kumshinda.

Wobbe alimwekea mama yake ile programu, kwa nia njema. Nilikuwa pale simu ilipolia mara ya kwanza. Tryntsje alivaa miwani, akasoma, akabonyeza NDIYO, akaendelea kumenya viazi.

"Wewe Tryntsje! Umeziondoa lini?"

"Sijaziondoa."

"Mbona umesema ndiyo?"

"Ameniuliza kwa adabu, nimemjibu kwa adabu. Ulitaka nimtukane?"

Tulicheka mpaka viazi vikadondoka. Ymkje alikuwa amekaa nasi. Alicheka pia, kisha akainama kuokota viazi, na alikaa chini ya meza muda mrefu kuliko viazi vilivyohitaji.

Ugonjwa wake ulikuja mwishoni mwa kiangazi. Kongosho. Ilikuwa haraka. Alirudi nyumbani kwa mama yake, chumba kile kinachotazama shamba la Jorrit ambalo sasa lina ng'ombe wa mtu mwingine. Wauguzi walikuja na mikanda yake, na dawa kali za maumivu. Nilimtembelea nikamletea mkate wa sukari asioweza kuumeza. Akaniambia, "Mama Pytsje, mimi nikifa, hizi dawa zitabaki kwa mama." Nikamwambia, usijali mwanangu, nitakwenda. Akasema, "Subiri kikombe cha pili." Nikasema nitasubiri. Siku tatu baadaye kengele ya kanisa ikagongwa, nasi majirani tukabadili nguo, tukaenda kumwosha.

Muuguzi alikuja kuzichukua dawa. Tryntsje alimpa boksi moja na kipande cha keki, muuguzi akashukuru, akaondoka. Ana nyumba nyingi, simlaumu.

Basi juzi nikaenda. Nilikuwa nimeahidi.

Kikombe cha kwanza. Biskuti moja, kopo likafunikwa. Tukaongea upepo, tukaongea mchungaji, tukaongea mguu wangu na nyonga yake. Kikombe cha pili. Nikaweka kijiko chini.

"Tryntsje, nionyeshe droo."

Akaifungua. Hakubisha hata kidogo. Njia inafanya kazi, wasikilizaji, nawaapia, inafanya kazi. Zilikuwepo zote. Vipakiti vimekunjwa vizuri, kila kimoja kimechapwa jina. Sinnema, Ymkje. Jumanne, asubuhi. Sinnema, Ymkje. Jumanne, jioni. Na boksi la dawa kali lilikuwa limefunguliwa.

"Hizi unazimeza?"

"Nyonga ikinisumbua. Ni nzuri. Ya mtoto wangu ichomwe moto?"

"Zitakuua, Tryntsje."

"Polepole," akasema.

Nikanyoosha mkono. "Nipe. Ndivyo alivyotaka. Mama, nipe wa zamani nikupe mpya."

Akauangalia mkono wangu. Akaupindua, akaangalia upande wa pili, kama anayetafuta kitu. Hakuwa na hasira.

"Huo mtindo naujua, aliubuni mwanangu," akasema. "Natoa wa zamani, napewa mpya. Haya, Pytsje. Wewe umeniletea mpya gani?"

Sikuwa na kitu. Nilikuwa na kijiko tu, mezani. Akairudisha droo kwa nyonga ile mbovu, taratibu, ikafungika. Akafungua kopo akanipa biskuti ya pili, jambo ambalo halijapata kutokea nyumba ile. Nikaila. Nikaenda nyumbani.

Nimemwambia Wobbe. Nimemwambia daktari pia. Daktari ataenda Alhamisi, atapewa kikombe kimoja.

Tryntsje, najua unasikiliza, redio yako iko dirishani. Pole mama. Umemzika mume, umemzika binti, na wote wawili wamelala wamefungamana na droo hiyo. Wobbe, pole mwanangu. Pole kwa wauguzi wa Nijesyl waliojua kusubiri.

Wasikilizaji wapendwa, mwisho wa kipindi huwa nawaomba mtafakari. Leo ningewaomba mnyanyuke, mwende jikoni, mfungue. Nawajua. Mtasema ndiyo, kwa adabu, kama mlivyoambiwa mbonyeze. Na hata kama yuko mmoja kati yenu ambaye ataondoka kitini kweli, azitoe, azirudishe, apone, si mimi wala nyinyi tutakaojua. Ymkje angejua. Angemtia kwenye hesabu. Sasa hakuna anayehesabu.